Salamu za Msusi

Shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, ni msusi, na mdomo wake haupumziki kama mikono yake. Mwaka huu alitaka kumpeleka dada yake ufukweni, maana tangu waolewe walikuwa hawajawahi kulala nyumba moja. Akaona picha za nyumba ya kupanga kwenye simu, akatuma malipo ya awali. Kumbe nyumba ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, na kijana aliyepokea hela akawa hajibu ujumbe.

Watu wakamwambia amtukane. Yeye akampigia asubuhi. "Hujambo mwanangu? Umeamkaje? Mama yako anaendeleaje?"

Kijana akakata. Kesho yake akaulizwa kama amekula. Kijana alipoizuia namba ya shemeji, huyu akaazima simu za wateja, na kila kichwa kilichokuwa kikisukwa kikamsalimia.

"Sisi shangazi zako," mmoja alimwambia. "Tunauliza utaoa lini."

Nami nilikuwa nimepita pale anaposukia kuomba maji, nikapewa simu. "Mjukuu wangu," nikamwambia, "hawa nawajua, hawachoki. Mimi mwenyewe walinishinda."

Jioni hela ikarudi yote, pamoja na ujumbe: "Mama, naomba mnipumzishe."

Safari hii shemeji aliiona nyumba kwa macho kabla ya kulipa. Nilipowatembelea huko ufukweni, yeye na dada yake walikuwa wamejilaza barazani wakicheka, naye shemeji ameshika simu.

"Unampigia nani tena?"

"Yule kijana. Mpaka leo hajaniambia mama yake anaendeleaje."