Fimbo ya Serikali Nyumbani kwa Mwalimu

Jumamosi jioni kanisa letu la Mbololo lilinuka samadi mbichi. Akina mama walileta samadi ya ng'ombe kwa vikapu, wakaichanganya na majivu, wakasiliba sakafu kwa mikono huku wakiimba na kusemana. Kufikia asubuhi sakafu ilikuwa imekauka, na ile harufu kali imebaki kama ya nyasi. Sisi watoto tuliketi chini, mbele kabisa, na nyuma yetu akina mama waliojipaka mafuta ya nyonyo, na ukungu ukaingia mlangoni kama mtu aliyechelewa ibada. Ukungu ukiondoka tuliona tambarare yote mpaka Voi, na moshi wa treni ukielekea Maungu. Tangu hapo nimesali katika makanisa ya mawe, yenye vioo na viti. Raha ile sijaipata tena.

Mwalimu wa kanisa hilo alikuwa baba yangu. Hakuwa padri. Alisoma misheni kidogo tu, akajua kusoma, kuandika, na kuwapa wenye homa vidonge vya kwinini. Walimlipa kwa viazi vitamu na ndizi. Lakini hapakuwa na nyumba kijijini ambayo hakuingia, na mara nyingi nilifuatana naye kwa sababu nilikuwa kitinda mimba na mama alikuwa shambani. Alipiga hodi akiwa tayari ameinama kuingia. Wanawake walimtania. "Mwalimu, leo umefuata mgonjwa au umefuata kimanga?" Kimanga ni muhogo na maharage yaliyopondwa pamoja, na baba alikipenda mno. Alijibu, "Nionyesheni kimanga kwanza, mgonjwa ana subira." Na Jumapili, kabla ya sala ya mwisho, yeyote aliyelemewa na jambo alisimama akalisema. Mmoja amekunywa pombe ya miwa, mwingine amemnyima mama mkwe chakula. Watu walicheka, wengine walilia, baba akaomba, yakaisha. Lililosemwa mle ndani halikutoka nje.

Kisha vita vya Wazungu vikafika Taveta. Serikali ikataka wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Sisi tuliwaita kariakoo. Waliondoka wengi na kurudi wachache, na hao waliorudi mama zao waliwatambua kwa sauti tu. Katikati ya hayo hedimani wetu, mzee wa serikali pale kijijini, akafa kwa homa. Bwana DC akapanda mlima na askari wake, akasema anataka mtu anayejua kusoma. Watu wote wakamtazama baba.

Usiku huo sikulala mapema, maana wazazi wangu walibishana, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Baba alisema akikataa ataletwa mtu wa viboko. Akikubali atawapunguzia watu mzigo, na isitoshe serikali imewekwa na Mungu. Mama hakusoma hata siku moja. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mtu huyo huyo utamshika mkono Jumapili na kumshika shingo Jumatatu?" Baba alisema yeye hatamshika mtu shingo. Mama akasema, "Tutaona," akageukia ukutani.

Basi baba akapewa koti la kaki na fimbo yenye kichwa cha shaba. Siwezi kusema uongo, nilifurahi. Nilipofika kisimani wenzangu walinipisha. Na baba alikuwa hedimani mzuri. Barabara ilichimbwa bila kiboko hata kimoja, wanawake wenye watoto wachanga aliwaruhusu mapema, wazee hakuwagusa. Ilipokuja amri ya kutoa wapagazi alichagua kwa haki, wale wasio na wake kwanza. Kama hedimani wote wangekuwa hivyo, nchi ingetulia.

Lakini alipopiga hodi sasa, tulisikia kwanza miguu ikikimbia upande wa migomba. Tukiingia tulimkuta bibi mmoja tu na moto, na chungu kimefunikwa. Hakuna aliyemtania. Walimwita "Mzee" na kuangalia chini. Kanisani watu walianza kuketi karibu na mlango, na ule wakati wa kusema mambo ukawa wa kukohoa tu. Nani asimame aseme ametengeneza pombe, na anayemsikiliza ndiye mwenye fimbo? Baba alisubiri, akatazama nyuso, kisha akaomba maombi mafupi. Nilidhani watu wameacha dhambi.

Palikuwa na mjane tuliyemwita Mama Mwadime. Mwanawe mkubwa alikwenda kariakoo hakurudi. Mdogo, huyo Mwadime, alipoitwa naye, hakuonekana tena. Askari walimtafuta mpaka Mghange. Siku moja Mama Mwadime akaja kwetu baba akiwa hayupo, akamwambia mama mbuzi wake ana homa, apewe kwinini kidogo.

"Mbuzi wako anatetemeka?" mama akauliza.

"Anatetemeka, anatapika, na tangu jana hanitambui."

"Mlete, Mwalimu amwone."

"Huyo mbuzi anamwogopa Mwalimu," akasema Mama Mwadime, akaondoka bila dawa, maana baba alikuwa amekifunga kisanduku cha dawa na ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

Baba aliporudi mama alimweleza yote, na hakuupamba ukweli. Alfajiri baba alivua koti, akaacha fimbo, akachukua kisanduku cha dawa. Nikamfuata. Ukungu ulikuwa mzito, majani ya migomba yanadondosha maji. Mama Mwadime alisimama mlangoni kabla hatujapiga hodi, mikono yake miwili imeshika miimo. Nyuma yake nilisikia mtu akipumua kwa shida.

"Amekuja nani?" akauliza. "Mwalimu au serikali?"

"Mwalimu."

"Na serikali umeiacha wapi?"

"Nyumbani."

"Ukirudi nyumbani ikikuuliza umeona nini, utaijibuje?"

Baba hakuwa mwongo, na yule mama alilijua hilo, ndiyo maana aliuliza. Baba aliweka vidonge chini kwenye kizingiti, akaeleza jinsi ya kuvinywa, kisha akapiga magoti pale nje kwenye matope akaomba kwa sauti ili aliye ndani asikie. Hakuingia, wala hakuchungulia.

Siku hiyo hiyo aliteremka Voi kwa Bwana DC kuirudisha ile fimbo. Alitusimulia baadaye alivyosema: kwamba watu waitii serikali, nayo iwatendee haki, lakini aliyetumwa kuwaombea watu asipewe kazi ya kuwakamata, maana ataiharibu ya kwanza na ya pili hataiweza. Bwana DC alimsikiliza kwa adabu. Kisha akamwambia kwamba aliyeacha uhedimani ni mwanamume kama wengine, na wanaume wanahitajika Taveta. Baba alipanda kuja kutuaga akiwa na askari pembeni.

Mwadime alipona. Hedimani mpya alikuwa mtu wa viboko, kama baba alivyoogopa, na wako waliosema baba ametutupa ili roho yake itulie. Mimi nasema alifanya sawa, lakini mgongo uliochapwa haukuwa wangu, kwa hiyo sipigi kelele sana. Vita vilipokwisha alirudi na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka alipokufa. Nyumba ya kwanza aliyokwenda kupiga hodi ilikuwa ya Mama Mwadime, na alisimama mbali kidogo na mlango, kama mgeni. Yule mama akatoka, akamshika mkono akamvuta. "Ingia basi, Mwalimu," akasema, "unatuletea baridi."

Siku hizi mambo ni mengi na mazuri, siyakatai. Serikali imetuletea hospitali, shule na barabara, na hiyo ndiyo kazi yake. Iifanye, na ikituonea tuiambie. Makanisa yamejaa. Lakini Jumapili naona waheshimiwa wanapewa kiti cha mbele na kipaza sauti, na wachungaji wanakaa katika kila kamati ya wilaya, na huko nyuma karibu na mlango naona watu wamekaa kimya wakiangalia chini. Kimya hicho nakijua.

Mjukuu wangu ni mchungaji Voi mjini, kijana mwema. Mwezi uliopita alikuja kunieleza kwamba wazee wamemwomba agombee udiwani, kwa sababu watu wanamwamini, na kwamba akiwa ndani atawasaidia zaidi. Akasema, "Bibi, nibariki." Nilimwambia nitambariki, ila kwanza anijibu: siku mtu wa kanisa lake atakapotafutwa na hiyo serikali, akiwa mgonjwa, amejificha, atamwita nani? Akaaga, akasema anakwenda kufikiri, na mpaka leo hajarudi kuomba baraka.