Mzee Niliyemnyamazisha kwa Ajili ya Shomoro

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumnyamazisha mzee aliyenisalimia. Nalitaja mapema kwa sababu ukisikia yaliyofuata utataka kubishana nami kama yalitokea. Yalitokea, hapa Birmingham, mtaa wa Kings Heath, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na nilikuwa mzima, sijalewa wala sina homa.

Nilikuwa nasomea uuguzi. Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Shuka likikunjwa upande, silali. Mwaka ule nilikuwa nimejifundisha ndege kwa kitabu cha maktaba, na kila alfajiri kabla ya zamu nilipita barabara yetu nikiwahesabu: shomoro kwenye ua wa majani, kwezi juu ya mabomba ya moshi, njiwa, na yule mdogo mwenye kifua chekundu ambaye Waingereza humwita robin. Nikikosea hesabu, narudi kona na kuanza upya.

Jirani yangu Mama Rukia, mjane wa Mombasa, alinicheka sana.

"Wenzio watafuta wachumba, wewe watafuta shomoro."

"Shomoro hawaulizi mahari, Mama."

"Wala hawapiki."

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya mwezi wa tatu, machipukizi yameanza lakini baridi bado inauma. Nilikuwa nimefika shomoro thelathini na moja niliposikia, "Hujambo, mwanangu."

Mzee wa kwetu, amevaa kanzu bila koti, amesimama kwenye nyasi. Sikumwitikia. Niliweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze. Hebu fikiria: mzee anakusalimia ugenini kwa lugha yako, nawe unamwekea kidole.

Hakukasirika. "Kamgongee Mama Rukia dirisha," akasema. "Leo amelala mno."

Nikajiambia ni jamaa yake, na saa kumi na mbili si saa ya kumwamsha mjane. Kisha nikaona robin anadonoa katikati ya miguu ya yule mzee. Ndege hao hawajawahi kuniruhusu hata hatua tatu. Tena mimi nilikuwa natoa mvuke mdomoni kama birika, lakini yeye alikuwa ameongea na hakikutoka kitu. Niamini, niliogopa. Na unajua nilifanya nini? Nilitazama ua. Shomoro walikuwa wametawanyika, hesabu imepotea. Nilipogeuka mzee hayupo, na umande ulioganda kwenye nyasi haukuwa na alama ya mguu.

Nikarudi kona nikaanza na moja. Kuhesabu kulikuwa kunanituliza.

Baada ya kama nusu saa ndipo nilipogonga. Kimya. Mama Rukia alikuwa ameziba nyufa zote kwa magazeti, na ndani jiko la mafuta ya taa lilikuwa limewaka usiku kucha. Nilivunja kioo, nikaingia, nikamvuta hadi nje. Alikuwa anapumua kwa shida.

Hospitalini daktari alisema angefikishwa nusu saa mapema, huenda sumu ya moshi wa jiko isingempooza mikono. Akaniuliza nilijuaje. Nikamjibu kwamba nilikuwa napita tu. Wakanisifu mbele ya darasa zima, nami nikasimama pale nikapokea sifa.

Wiki mbili sikuweza kula vizuri. Mwishowe nilikaa kando ya kitanda cha Mama Rukia nikamweleza yote. Akaanza kuniuliza.

"Mwembamba? Kanzu imepauka kwenye kola?"

"Ndiyo, Mama."

"Alikusalimia kwanza?"

"Ndiyo."

"Ukamjibu?"

Nikainama.

"Huyo ni mume wangu," akasema. "Tulimzika miezi miwili kabla hujahamia. Alikuwa hapiti mtu bila salamu." Akageukia ukutani.

Kwa mwaka mzima nilisimama kwenye nyasi zile kila alfajiri, nimeweka "shikamoo" tayari mdomoni. Hakuja.

Wewe unayesoma, ukisalimiwa na mtu usiyemjua, mwitikie. Akikutuma, nenda saa ileile. Huwezi kujua ametoka wapi, wala imemgharimu nini kufika.

Mikono ya Mama Rukia haikupona. Siku hizi ndege nawatazama bila kuwahesabu, na kila jioni namshikia kikombe cha chai mpaka amalize.