Nyumba inauzwa, dobi wa uani hayumo kwenye tangazo

Makoti meupe ya wauguzi yanadondosha maji kambani, na simu ya Mzee Pasi inaita. Anajua ni nani kabla hajaitazama. Anafuta povu kwenye suruali, anapokea, anaiweka simu mbali kidogo na sikio.

"Shikamoo mzee wangu. Wateja wako njiani. Hebu anua hivyo vitu."

"Nimeanika sasa hivi."

"Ndiyo maana nakupigia mapema."

Dalali anakata. Mzee Pasi anamgeukia mkewe, ambaye yuko kibarazani akinyoosha mashati. "Bwana mkubwa anataka tukaushie nguo mfukoni."

Mkewe hainui kichwa. "Muulize kama mfuko wake una jua."

Hii ni mara ya nne mwezi huu. Nyumba yenyewe ni ndefu na nyembamba, imebanwa katikati ya mji kati ya benki na jengo la maegesho. Chini, mbele, kuna kinyozi. Juu yake kuna ofisi ya mama mmoja mchapaji. Juu kabisa wanaishi Mzee Pasi na mkewe. Nyuma, ukipita ukumbi wenye vigae vilivyopasuka, kuna ua wa mawe, bomba, birika la saruji na kamba. Hapo ndipo dobi huyu amefua kwa miaka thelathini na moja.

Tangazo limebandikwa mlangoni: nyumba ya kihistoria, inafaa kwa duka, ofisi na makazi, ina ua wa faragha. Kwenye picha hakuna kamba hata moja. Birika limefunikwa turubai na juu yake pamewekwa chungu cha maua, ambacho dalali alikuja nacho na akaondoka nacho.

"Ukiisoma hiyo karatasi," anasema kinyozi, "utadhani tulihama zamani tukasahau kuzima taa."

Mtaa huu hausahau. Nyumba ya kona nayo iliitwa ya kihistoria ilipouzwa. Ilikuwa na mshona viatu na mama wa vitabu vya shule. Leo ni hoteli, na ukutani kuna kibao cha shaba kinachosimulia historia yake. Mshona viatu hayumo kwenye kibao. Yuko ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli, anawashonea viatu wageni wa hoteli hiyo hiyo.

Mzee Pasi hana mkataba. Ua alipewa kwa mdomo na bibi mwenye nyumba, ambaye sasa ni marehemu. Watoto wa bibi, ambao ndio wanaoiuza nyumba, wako mbali, na simu zao huita mpaka zinakata zenyewe.

"Neno la bibi lilitutosha," anasema. "Kosa letu, tulidhani neno linarithiwa pamoja na nyumba."

Na kwa nini asianue tu, yaishe? Mara iliyopita alianua. Makoti yalirundikwa mabichi kwenye beseni huku wateja wakipiga picha ngazi, yakashika harufu ya uvundo, kliniki ikarudisha mzigo wote. Alifua upya bure, na akaonywa. Kliniki hiyo ndiyo zaidi ya nusu ya kipato chake. Makoti ya leo yanatakiwa jioni.

Kwa hiyo leo haanui. Dalali anaingia uani akiwa na bwana mmoja na mkewe, na tabasamu linamkauka kabla ya makoti.

"Samahani sana, hivi ni vya muda tu."

"Muda wa miaka thelathini na moja," anadakia Mzee Pasi.

Yule mama anapenya kati ya makoti. Anashika bega la koti moja, kisha anatazama juu, kwenye kipande cha anga kati ya benki na maegesho.

"Baba, umeanika saa ngapi?"

"Haijafika saa nzima, mama."

"Na bega limeshakauka! Mimi nilidhani hapa jua haliingii."

Dalali anageuka kama soksi. "Jua? Dada yangu, jua la hapa ni la kutwa! Ndiyo maana tumeacha nguo, mjionee wenyewe."

Pasi ya kibarazani inatua kwa kishindo.

Wageni wanaanza kupanga: meza za kahawa hapa, miavuli pale, birika livunjwe. Mzee Pasi anasikiliza mpaka uvumilivu unamwishia.

"Na mimi mmeniweka wapi?"

Bwana anamtazama dalali. Dalali anatazama viatu vyake. "Mambo ya wapangaji yatamalizwa kabla ya makabidhiano," anasema, kama anayezungumzia panya.

Kesho yake simu inaita tena. Wale wateja watarudi Jumamosi na ndugu zao. "Sasa mzee wangu, siku hiyo anika. Nyeupe tupu. Kama huna kazi, anika hata mashuka yenu."

Mke wa Mzee Pasi anacheka mpaka anakaa chini. "Juzi tulikuwa takataka, leo tumekuwa pambo!"

Lakini wapangaji hawacheki tu. Wamekubaliana kwamba Jumamosi wote watatu watakuwa uani, kwenye viti, na kila atakayekuja ataambiwa kwa mdomo: tupo, tunalipa kodi, na tunataka mkataba wa miaka mitano ambao mnunuzi ataukuta na kuuheshimu. Dalali amesikia, naye analalamika kwamba wanamharibia biashara.

"Sikatai nyumba iuzwe," anasema Mzee Pasi, akigeuza makoti upande wa pili. "Waiuze, ila waseme ndani kuna nani. Jumamosi nataka yule mama aniulize nalipa kodi kiasi gani. Akiuliza hivyo, nitajua ameniona. Akiuliza tena habari za jua, namwambia akalinunue kwingine."