Karatasi Iliyobaki kwenye Debe

Mume wangu Wangila alifundisha hesabu Kajiado miaka ishirini na miwili, na kilichonichosha kwake ni kuamini kwamba jambo likishapigiwa hesabu limekwisha. Ndiyo maana mwaka wa 1997, ranchi moja ya jamii ng'ambo ya Kisaju ilipokuwa ikigawanywa, kamati ilimwita asimamie kura ya kuokota karatasi. Alikuwa mtu wa Bungoma, hana ng'ombe wala shemeji pale, kwa hiyo hakuna ambaye angemshuku.

Wanachama walikuwa thelathini na mmoja, vipande thelathini na kimoja. Kila kipande kilikuwa na namba yake kwenye karatasi, na karatasi ikishatoka kwenye debe hairudi. Namba ishirini na tatu hakuna aliyeitaka. Ilikuwa na korongo ambamo zamani maiti ziliachiwa fisi, na hata leo ng'ombe wakifika ukingoni huzunguka. Humo ndimo Lesiamon, mmoja wa wanachama, alimopatikana amekufa baada ya kupotea siku tatu.

Mjane wake, Rebecca, alikuja kwetu Kitengela wiki moja kabla ya kuokota. Angeokota kwa niaba ya marehemu, na aliogopa kipande hicho kuliko kukosa vyote. Aliuliza kama anayeokota mwisho ndiye hubaki na kibaya. Wangila akamwaga maharagwe mezani. Akamweleza kwamba wa mwisho anakuta karatasi chache, ndiyo, lakini pengine ile mbaya imeshatoka; wa kwanza na wa mwisho wako sawa, nafasi moja kati ya thelathini na moja. Rebecca akaondoka amepumua. Nilimwonea huruma kwa jinsi alivyoamini.

Siku yenyewe Kisemei, mwenyekiti, alisoma majina kwenye rejista, nami nikaandika namba. Watu waliokota, wakacheka, wakaenda kusimama kivulini. Ishirini na tatu haikutoka. Zilipobaki karatasi kumi, Wangila alininong'oneza, "Moja kwa kumi." Zilipobaki mbili, Kisemei mwenyewe aliokota, akapata namba nane. Akafunga rejista.

Debe lilikuwa bado na karatasi moja, na Rebecca alikuwa bado ameketi kwenye nyasi. Jina la mumewe lilikuwa la kumi na mbili. Karibu wote pale ni watu wa kanisa, lakini jina la marehemu hawalitaji, basi Kisemei aliliruka, na hakuna aliyemkumbusha kwamba mjane yupo. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na sikuona. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wangila alitaka karatasi zote zirudishwe, waanze upya. Wale thelathini wakakataa, kwa upole ulioniudhi kuliko matusi.

Rebecca akaja, akatia mkono ndani ya debe. Akakaa nao humo muda mrefu, kana kwamba kuna cha kuchagua.

"Mwalimu," akasema polepole, "iko mtu anaishika."

Hakuna aliyecheka. Wangila akasema itakuwa imenasa kwenye kutu. Akatia mkono wake, akavuta, akampa.

Rebecca alijenga huko huko kwenye ishirini na tatu, angejenga wapi kwingine? Mwaka wa 2000, kiangazi kilipokaza, alitoka kutafuta mbuzi aliyepotea. Siku ya tatu walimkuta korongoni, amelala kwa ubavu, bila jeraha.

Tulienda kuzika. Tuliporudi Kitengela, Wangila akasimama mlangoni na ufunguo mkononi.

"Mama Melvin, lile debe lilikuwa jipya, halina kutu," akasema. "Bwana yake alikuwa anamkatalia ile karatasi. Mimi ndiye nilimpokonya."