Banda la Mabaki ya Jirani

Wiki mbili zilizopita nilitoka Kisesa kwenda sokoni Mkuyuni kutafuta mabati ya banda la kuku. Mabati yenyewe sikuyafikia. Pale pa kuingilia sokoni alikuwa amekaa mama mmoja na beseni la kambare waliokaushwa kwa moshi, wale weusi wanaong'aa, waliokunjwa mpaka mkia ukaingia mdomoni. Harufu iliponipata nilisimama katikati ya njia kama mtu aliyeitwa jina, hadi mwenye mkokoteni akanifokea nipishe. Nikapisha. Lakini miguu haikurudi kwenye mabati. Ilianza kupanda kilima.

Nilikulia kule juu, kwenye majabali, kwa bibi mzaa mama. Mama alikuwa akifanya kazi Geita na kuja sikukuu kwa sikukuu. Bibi alikuwa Mkerewe, mfupi, mwenye mikono migumu kama kwato, na kazi yake ilikuwa kukausha samaki. Alfajiri alishuka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, akarudi na beseni kichwani maji yakimchuruzika shingoni. Mimi niliwapasua, nikawaosha, nikawatia chumvi, ndipo nikaenda shule. Ungenikuta darasani siku hizo, rafiki yangu, ungejua kazi yetu kabla sijakuambia. Wenzangu waliniita Kambare. Nilishazoea.

Samaki walikaushwa katika banda la nyuma ya nyumba. Halikuwa kitu cha kujivunia mbele ya wageni: nguzo nne za mti, mabati manane, na ndani yake tanuri la udongo lenye kichanja cha waya juu. Lakini babu ndiye aliyelijenga, na mwaka huohuo akafa majini. Kaburi hatukuwa nalo, kwa sababu hakupatikana. Kwa hiyo bibi akitaka kuzungumza na mumewe alikwenda bandani. Nilimsikia mara nyingi akipanga kuni na kumlalamikia kwamba nguzo ya kushoto ameiacha imepinda. Mle ndani ndimo tulimonywea chai ya rangi na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mle ndimo nilimofanyia hesabu za shule, na mvua ikinyesha juu ya yale mabati usingeweza kunisikia hata ukikaa ubavuni kwangu.

Kisha akaja jirani.

Alinunua eneo lililo juu yetu nikiwa darasa la nne, akaanza kujenga ghorofa. Baraza ya ghorofa lake ilitazama ziwa moja kwa moja, na watu walisema kwa baraza ile tu alistahili kuitwa mheshimiwa. Mwanzoni tulisalimiana vizuri. Mkewe, mwanamke mpole aliyetoka Bukoba, aliwahi kutuletea mkungu wa ndizi. Bibi akampelekea sato watatu. Nilidhani tumepata ndugu.

Siku ya msiba nilikuwa peke yangu nyumbani. Nilikuwa na malaria, nimelala mkekani barazani, bibi yuko sokoni. Nikasikia vishindo vya nyundo nyuma ya nyumba. Nikajikokota kwenda kuchungulia. Jirani alikuwa amesimama na vijana watano, na vijana walikuwa wanang'oa mabati. Lori lake la mchanga lilikuwa limeshindwa kukata kona pale juu, naye akaamua kwamba njia ipite kwetu. Waliangusha nguzo. Waliponda tanuri kwa sururu. Samaki wa siku mbili, waliokuwa bado kichanjani, walimwagwa chini, na unawajua makorongo wa Mwanza, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaozunguka majalala kama mahakimu. Walishuka kutoka kwenye majabali mmoja mmoja, bila haraka, wakaanza kula mbele yangu.

Nilipiga kelele. Jirani akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ahamie.

"Mwambie bibi yako," alisema, "kwamba uchafu wake nimeufagia."

Bibi aliporudi, nilimwambia. Ningeweza kuficha maneno yale, na hata leo najiuliza kwa nini sikuficha. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akatua beseni tupu, akaenda nyuma, akasimama pale palipokuwa na nguzo ya kushoto. Hakulia. Heri angelia.

Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, nami nikifuata nyuma nikitetemeka kwa homa. Tulimkuta balozi amekaa kwenye kiti cha plastiki katika eneo la jirani, na soda mkononi.

"Mama, usishindane na wenye uwezo," balozi akamwambia. "Wewe jenga chini ya lile jabali kubwa. Hapo hakuna atakayekugusa. Mimi ndiye shahidi."

"Chini ya jabali?" bibi akauliza.

"Chini ya jabali, mama. Mpaka ni hapo."

"Nimesikia," alisema bibi. "Na wewe ukumbuke umesema."

Usiku ule alinikanda kwa maji ya uvuguvugu, na wakati akinikanda aliniambia jambo ambalo sijalisahau. "Yule mtu amebomoa mkono wa babu yako. Nitajenga tena, na sitanunua hata msumari. Nitajenga kwa vitu vyake mwenyewe, na atakaa alitazame banda langu mpaka macho yamuume."

Nilikuwa na miaka kumi. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Homa ilikuwa bado imenikamata, lakini nililala nikitabasamu.

Asubuhi nilipopata nafuu tulikwenda kwa fundi mkuu wa ghorofa lile. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye penseli sikioni, na alikuwa ameona yote.

"Shikamoo mama," alisema kabla bibi hajafungua mdomo.

"Marahaba mwanangu. Vile vitu mnavyotupa bondeni, ni vya nani?"

Fundi alitazama juu kwenye baraza, akatazama bondeni. "Vikishatupwa havina mwenyewe, mama. Chukua. Na kesho tutatupa vizuri zaidi."

Walitupa vizuri kweli. Kila jioni baada ya shule tulishuka bondeni, mimi na bibi, tukaokota vipande vya tofali za saruji, mbao zilizotumika kushikilia zege, vipande vya mabati vilivyokatwa pembeni, waya, ndoo za rangi zilizopasuka. Misumari ilikuwa kazi yangu. Niliipanga juu ya jabali, nikainyoosha mmoja mmoja kwa jiwe, na nilipojigonga kidole nilitaja jina la jirani badala ya kulia. Bibi alinisikia, hakunikataza. Saruji iliyomwagika chini fundi aliifagia pamoja na mchanga, akatuwekea kwenye gunia kana kwamba ni takataka. Wavuvi wa mwaloni nao waliposikia, walituletea mbao za mtumbwi uliooza. Zilinukia lami, na bibi alizinusa kwa muda mrefu. Mlango ulitoka kwa kinyozi aliyefunga kazi: bango la mbao lenye picha ya kijana aliyenyolewa upande mmoja, macho yamemtoka. Bibi aliutundika ili yule kijana atazame juu, kwenye baraza ya jirani, mchana kutwa.

Na mahali? Chini ya jabali kubwa, hatua moja tu kutoka kwenye mpaka, palepale balozi alipoonyesha. Kama hujawahi kuishi kilimani Mwanza, nikueleze: asubuhi hewa imetulia, lakini ikifika saa nane mchana upepo huamka ziwani na kupanda juu kupitia katikati ya majabali. Mtu anayekausha samaki anaujua upepo huo kama anavyomjua mume wake. Jirani hakuujua. Alituona tukijenga, akacheka na wageni wake, akasema bibi kizee anajenga choo.

Tulimaliza kabla ya ghorofa kumalizika. Bibi hakuwasha tanuri jipya hata mara moja. Aliendelea kukausha kwa shida kwenye mafiga ya jikoni, samaki wachache wachache, tukala muhogo mkavu, na kuni akazirundika bandani. Nikamuuliza tunangoja nini. Akasema, "Ngoja wageni."

Siku ya kubariki nyumba ilikuwa Jumamosi. Lilikuja turubai, vikaja viti vyeupe, wakaja akina mama na vitenge vya sare. Harufu ya pilau ilitushukia kama matusi. Wakubwa walikaa barazani juu, wakitazama ziwa. Padri alifika saa saba na nusu. Bibi alikuwa amejifunga kanga mbili, amekaa mlangoni pa banda, ameinua uso kama mtu anayesikiliza. Upepo ulipogusa majani ya mpapai wetu, alisema neno moja: "Washa."

Niliwasha. Kuni mbichi, matumbo ya samaki ya siku tatu, na samadi ya ng'ombe aliyoiomba bibi kwa Wasukuma wa bonde la pili. Moshi ulitoka mzito, wa rangi ya njano, ukasita kidogo juu ya paa kana kwamba unauliza njia, kisha ukalipanda jabali na kuingia barazani kwa jirani. Nikasikia kikohozi cha kwanza. Nikasikia viti. Muziki ukazimwa. Padri alifupisha sala, tukaona gari lake likiteremka. Akina mama wa sare walifuata, vitenge puani. Sijawahi kula pilau iliyonishibisha kama ile ambayo sikuila.

Jirani alishuka kwa miguu, suti imemkaa, macho mekundu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nakausha samaki, mwanangu."

"Leo nina wageni!"

"Na mimi siku ile nilikuwa na samaki."

Jirani aligeuka. Akalitazama banda. Nikamwona akizitambua mbao zake, tofali zake, mabati yake, kimoja baada ya kingine, na yule kijana wa kinyozi akimkodolea. Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya watu wa juu kusikia, "Bibi anasema uchafu wako ameufagia!"

Kofi la bibi lilinipata kabla sijafunga mdomo. Ndilo kofi pekee alilowahi kunipiga. "Mtoto hasemi hivyo na mtu mzima," alisema, akamgeukia jirani. "Nisamehe kwa huyu mtoto. Kwa moshi, sikuombi msamaha."

Jirani alipanda juu. Jioni, mlango ukiwa umefungwa, bibi alinipaka mafuta shavuni. Kisha akasema, "Hebu rudia ulivyomwambia." Nikarudia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake alishuka mke wa jirani, peke yake, amejitwika mabati mawili ya banda letu la zamani. Alisema mengine yameshaezekwa kwenye kibanda cha mlinzi, ameshindwa kuyang'oa. Alisema pia watoto wake wamekohoa usiku kucha. Bibi alipokea mabati, akayapapasa, akampa kiti.

"Kwa ajili yako na watoto, asubuhi na jioni sitawasha," alimwambia. "Lakini saa nane ni yangu na mumeo."

Aliitunza ahadi ile, sehemu zote mbili, kwa miaka kumi na mmoja. Kila siku saa nane. Jumapili pia, akishatoka kanisani. Jirani aliweka vioo barazani, kisha mapazia, kisha akatoa viti. Alijaribu kumleta balozi, na balozi akatazama jabali, akatazama banda, akasema mpaka ni mpaka. Sikumbuki kumwona tena yule mtu akilitazama ziwa lake. Watu wananiambia nilipaswa kumhurumia nilipokua. Nilimhurumia mkewe. Yeye, hapana.

Basi, ndiyo hivyo nilivyopanda kilima, kambare wawili niliowanunua sokoni wakiwa kwenye mfuko. Nyumba yetu haipo. Wajomba waliuza eneo baada ya bibi kufa, na sasa kuna vyumba vya kupanga, milango sita iliyopangana, na kamba za nguo. Banda halipo. Hata jabali kubwa halipo. Wamelipasua likawa kokoto. Nilikaa juu ya ukuta wa watu nikitafuta mahali hasa palipokuwa tanuri, nikashindwa kupajua.

Ghorofa lipo, rangi imebabuka. Kwenye ngazi alikuwa amekaa mzee mwembamba, fimbo mapajani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Ni mjukuu wa yule mama aliyekuwa anakausha samaki hapo chini."

Aliinua uso, akaitazama baraza iliyo juu yake. Kisha akasema, polepole, "Bibi yako aliniharibia nyumba hii. Nilijenga baraza, na sikuwahi kuikalia."

Alinisubiri niseme pole. Sikusema. Nilimuaga kwa adabu, kama nilivyofundishwa, nikateremka, na nusu ya njia kifua changu kilikuwa kimejaa furaha ileile ya umri wa miaka kumi, mbichi kabisa, nikitembea haraka haraka kama mtoto mwenye habari. Nilipofika barabarani ndipo nilipokumbuka kwamba sina wa kumwambia. Mama hakuwepo siku zile, wanangu wataniona mbaya, na fundi sijui alikofia. Kisasi kile kilikuwa cha watu wawili, na kucheka nacho kulihitaji wawili. Nilisimama pale kituoni, magari yakipita, nikarudia maneno ya mzee yule kwa sauti, mara mbili, na hapakuwa na mtu wa kucheka.