Patuka Inayofungwa Kutoka Chini

Habari hizi zimetoka vinywani mwa Dilsari Thapa na jirani yake Khimkali, mwezi huu wa Mangsir, baada ya mavuno, tukiwa tumekaa juani tunapukuchua mahindi. Walizisimulia kwa kukatizana, huyu akianza yule akimalizia. Walipobishana, maneno ya Khimkali ndiyo yaliyoshinda, maana sauti yake ni kubwa.

Ni alfajiri ya mwezi wa Jeth, miezi sita nyuma, mvua bado hazijaanza na mpunga bado haujapandwa. Ukungu umelala bondeni na vilima vinaelea juu yake, kimoja hapa, kingine kule, kama vimesahau vilikuwa vinakwenda wapi. Dilsari anashuka ngazi za mawe, chupa ya mafuta ya haradali ameibana kwapani ipate joto. Anakwenda polepole. Ukimwona kwa mbali huwezi kujua kama ni yeye anayeshuka au ni ukungu unaopanda kumpokea.

Kazi yake ni kukanda wazazi, wanawake waliotoka kujifungua. Ana miaka hamsini na nane, na kwenye kilima hiki hakuna nyumba ambayo hajaingia na chupa yake. Malipo ni kitambaa kipya na mafuta. Mwenye uwezo humpa rupia mia tano, asiye nazo humpa mayai.

"Napenda mayai," anasema. "Rupia hata uzikalie mwezi mzima haziangui kifaranga."

Asubuhi hiyo anakwenda kwa Juneli, mkwe wa Khimkali, aliyejifungua mtoto wa kike miezi miwili nyuma. Mumewe, Dhanbir, yuko Qatar anajenga maghorofa. Nyumbani wamebaki wanawake wawili na kichanga.

Ndani moto ni mdogo, moshi unajikunja chini ya boriti. Dilsari anamimina mafuta kiganjani, yananukia uwatu uliokaangwa, anaanza kwenye nyayo na kupanda taratibu. Mtoto amelala kikapuni. Nje kunasikika maji yakidondoka mahali, tone moja, halafu kimya kirefu, halafu tone jingine.

"Hapo ndipo wanawake huanza kusema," anaeleza. "Mkono ukiwa mgongoni, na uso ukiwa umeelekea mkekani, hakuna wa kumwonea haya."

Juneli akasema, kwa sauti ambayo mkeka karibu uimeze.

"Shangazi. Nikibeba doko, kuna kitu kinashuka. Ikifika jioni nakisikia pale chini, kama yai. Nikilala kinarudi."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kubeba samadi."

"Umemwambia mama mkwe?"

"Nimwambie nini? Yeye alijifungua leo, kesho ana doko mgongoni. Ananiambia kila siku."

Doko ni kapu la mianzi. Uzito wake wote huning'inia kwenye kamba inayopita kwenye paji la uso. Kwetu mzazi akishamaliza siku za kumpa mtoto jina, anahesabiwa kuwa safi. Na aliye safi anafaa kazi. Samadi lazima ifike mashambani kabla ya mvua, na mashamba yako chini, ngazi baada ya ngazi.

Juneli aligeuka akamtazama. "Shangazi, kitatoka chote? Kama yule mama wa juu ya chemchemi? Yeye walimpeleka mjini wakamtoa kizazi. Mimi nataka mtoto mwingine. Nataka Dhanbir akirudi anikute nilivyokuwa."

Dilsari hakumdanganya. "Ukiacha mizigo sasa, nadhani kitapanda. Ukibeba mpaka mpunga upandwe, siwezi kukuahidi kitu."

Mwenyewe aliijua njia hiyo. Katika ujana wake alibeba mawe ya kuezekea nyumba za watu, na baada ya mtoto wa tatu kizazi chake kilishuka. Alificha miaka mingi. Alijifunza kukalia tako moja. Alijifunza kucheka akiwa amebana miguu, na kwenye arusi alikuwa wa kwanza kuaga, kwa sababu ngoma ikikolea mkojo ulikuwa unamponyoka.

Aliyemtoa huko ni Rojina, nesi wa zahanati ya ng'ambo ya mto. Alimpima, akamweleza kwamba nyonga ina misuli iliyotandikwa chini kama kitanda cha kamba, na kamba zikilegea, vilivyolaliwa juu yake hushuka. Akamfundisha kukaza na kuachia.

"Akaniambia, kaza kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja mbele ya wakwe," Dilsari anasema. "Hapo nikaelewa mara moja."

Lakini kukaza peke yako ukutani kunachosha moyo. Dilsari aliyapeleka mazoezi hayo kwenye kinu cha kukanyaga, gogo refu lenye mchi mbele na mkia nyuma. Mguu ukikandamiza mkia wa gogo, mchi unapanda: toa pumzi, kaza, na chini kwako kupande pamoja na mchi. Mguu ukiachia, mchi unashuka: vuta pumzi, legeza. Wazazi huanza wakiwa wamelala chali, bila kinu, wakisikiliza tu mchi wa jirani ukipanda na kushuka ng'ambo ya ukuta. Wengine husinzia hapo hapo, na yeye huwaacha.

Siku hiyo Dilsari alipomaliza kumkanda Juneli aliichukua patuka yake, kile kitambaa kirefu tunachojizungushia kiunoni, akaitazama. Mikunjo ilionyesha wazi: ilikuwa imeanza chini ya matiti, ikakazwa sana pale, kisha ikateremka.

Alitoka nayo uani. Khimkali alikuwa amechuchumaa anakamua pombe ya ulezi, machicha yamo ndani ya kitambaa, mikono imelowa hadi viwikoni.

"Umemaliza kumlainisha?" Khimkali alipaza sauti. "Ukimkanda zaidi atayeyuka, na samadi itabebwa na nani? Ukungu?"

"Itabebwa na wewe. Si ndiye uliyezaa leo, kesho ukabeba?"

"Nilibeba! Na sikulia."

"Hakuna aliyesema ulilia. Nani alimfunga Juneli patuka hii?"

Khimkali alijinyoosha kwa fahari. "Mimi. Nimemfunga kama niliyemzaa mwenyewe. Yeye anazunguka, mimi nimeshika ncha, nimekanyaga nguzo, navuta. Kuanzia juu, mpaka chini. Ndivyo mama mkwe wangu alivyonifunga. Mzigo ukija, tumbo halitikisiki."

Dilsari alichuchumaa karibu naye, akatazama mikono yake. "Endelea kukamua."

"Nini?"

"Kamua tu, dada. Unabana wapi?"

"Juu. Utabana wapi tena? Unasokota juu, pombe inatoka chini."

"Haya," akasema Dilsari.

Mikono ya Khimkali ilisokota mara moja zaidi, halafu ikasimama. Pombe ilidondoka kwenye sufuria, nyeupe, polepole, na wote wawili wakaiangalia. Khimkali anasema hapo alisikia kila kitu kimekwenda mbali: kuku, mto, kengele ya ng'ombe wa jirani. Alibaki yeye na kile kitambaa mkononi.

"Mimi nimemkamua mkwe wangu," alisema.

"Ulimfunga kwa mapenzi."

"Nimemkamua." Kisha, bila kuinua uso: "Na mimi walinikamua."

Ndipo yakatoka. Tangu alipomzaa Dhanbir, zaidi ya miaka thelathini, kizazi chake kilikuwa nje kila jioni. Kila asubuhi alikirudisha kwa mkono, kisha akajifunga patuka, kuanzia juu, kwa nguvu zote, ili kisitoke tena. Kadiri kilivyotoka ndivyo alivyokaza. Mumewe alikufa bila kuambiwa.

"Nilidhani ndivyo mwanamke anavyozeeka," alisema. "Kama meno."

"Na ulipomwona Juneli anatembea amebana miguu?"

"Nikajisemea, haya, naye ameanza."

Juneli alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani. Amesikia yote. Khimkali akamfokea: "Umesimamia nini? Ingia ukalale! Na doko likiguswa na mtu hapa nitalichoma moto!"

Walikwenda zahanati wote watatu, kwa kupokezana mtoto. Nesi Rojina alimpima Juneli akasema kizazi kimeshuka kidogo tu. Apumzike, akaze na kuachia, arudi apimwe tena. Kwa Khimkali alikaa muda mrefu zaidi, kisha akasema atamwekea pete ya kushikilia kizazi, na atakuwa akija kusafishiwa.

"Pete?" Khimkali akauliza. "Ya dhahabu?"

"Ya mpira, mama."

"Tazama bahati yangu. Nimengoja maisha yangu yote nivishwe pete, na nikivishwa ni ya mpira, tena pahali nisipoweza kumwonyesha mtu!"

Rojina alicheka mpaka akakaa. Alipomaliza kuiweka pete, Khimkali alisimama, akapiga hatua hadi dirishani, akarudi. Akaenda tena. Anasema ilikuwa kama kutembea ndotoni, pale ambapo ardhi haikuvuti.

Njiani kurudi Dilsari alizungumza nao taratibu, jinsi anavyozungumza na kila nyumba. Nyonga haiishi peke yake, alisema. Moshi wa jiko unaleta kikohozi, na kila kikohozi ni ngumi inayopiga chini. Kwa hiyo wafungue tundu paani. Choo kikiwa kigumu mtu hujikamua, kwa hiyo mboga za majani na maji, na supu ya mbegu za ajowan, zinazosaidia tumbo kusaga chakula, kwa mzazi. Patuka ianzie kwenye mifupa ya nyonga na kupanda, inyanyue, tena iwe legevu kiasi cha kupitisha vidole. Na huzuni nayo hushusha, alisema. Mwanamke mwenye siri hubana pumzi, na pumzi iliyobanwa husukuma chini mchana kutwa.

Ila samadi ilikuwa bado zizini, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima.

Kwetu shamba halipandwi na nyumba moja. Kila nyumba hutoa mtu kwenye shamba la mwenzake, mtu kwa mtu, mgongo kwa mgongo, na nyumba isiyotoa mgongo haisaidiwi. Jioni ya kupanga zamu wanawake walijaa kwenye baraza la Dilsari. Khimkali aliingia akabaki amesimama.

"Nyumba yangu mwaka huu haitoi doko," alisema. "Mkwe wangu habebi. Na mimi sibebi."

Mmoja akaita kutoka nyuma: "Khimkali! Umekuwa malkia?"

"Ndiyo. Na pete ninayo."

"Iko wapi tuione?"

"Njoo nyuma ya zizi, utaiona, hutalala wiki nzima!"

Vicheko vilipasuka. Na ndani ya vicheko hivyo Khimkali akawaambia, wazi, kwa ile sauti yake, yote: yai la jioni, mkono wa asubuhi, kitambaa cha ulezi. Vicheko vilipungua kimoja kimoja. Mwanamke mmoja alitazama miguu yake. Mwingine aliishika patuka yake hapo juu, chini ya matiti, akauacha mkono juu yake.

"Mtatulipaje basi, bila migongo?" aliuliza yule wa nyuma, sasa kwa upole.

Dilsari ndiye aliyejibu. Khimkali atawapikia wapandaji, vyungu vikinyanyuliwa na wenye nguvu. Juneli atalala barazani na kuwaangalia watoto wao wachanga wakilala naye. Na madoko yote yatajazwa nusu, hata kama ni safari mbili.

"Nusu!" mtu akaguna. "Wanaume watasema tumekuwa wavivu."

"Waambie wabebe nusu nyingine," akasema Khimkali.

Samadi ilifika mashambani hivyo, nusu kwa nusu, na mvua ikaikuta huko. Mwezi wa Asar, mwezi wa kupanda mpunga, ulipokatika Juneli alirudi kwa Rojina, akaambiwa kizazi kimepanda. Bado anafanya mazoezi kwenye kinu, polepole. Ameshamwambia Dhanbir kwenye simu. Dhanbir akauliza kama mama yake naye amepumzika.

Dilsari ana mpango. Juu ya nyumba yake kuna zizi tupu ambalo ukuta wake bado mzima. Anataka kulisakafu, kulitoboa madirisha, na kutandika mikeka, ili mwanamke aliyejifungua aje alale hapo mchana, makalio yameinuliwa kwenye blanketi lililokunjwa, bila mtu kumwita. Kina mama wameshaanza kuleta mawe, mojamoja, mikononi.

Siku aliyowaeleza Juneli na Khimkali mpango huo ilikuwa siku ya mwisho ya kupanda. Mvua ilikuwa nyepesi, mchana ulikuwa wa rangi ya majivu, na nyimbo za wapandaji zilipanda kutoka shambani zikafifia kabla ya kufika. Walikuwa wamelala watatu barazani, miguu ukutani. Mtoto alikuwa katikati.

"Mchana mtupu na mimi nimelala," Khimkali alilalamika. "Majirani watasema nini?"

"Watasema wasogezewe mkeka," Dilsari akajibu. "Kabla sijafa nataka nione kilima kizima wanawake wamelala saa hii, na hata mbwa habweki..."

Juneli alikuwa ameshalala, mdomo wazi kidogo. Mtoto naye.

"Madirisha mangapi?" Khimkali akauliza. "Dilsari? Nauliza madirisha mangapi?"

Pumzi ya Dilsari ilikuwa inapanda na kushuka kama mchi wa mbali.

Khimkali alisikiliza. Hakuna aliyemhitaji. Akafungua patuka yake, mzunguko mmoja, wa pili, hadi ikaisha, akaiacha ikalala sakafuni kama njia inayoteremka bondeni. Ncha yake mtoto aliishika usingizini. Khimkali alikusudia kumbandua vidole kwa upole, kisha ainuke akaangalie chungu.

Baada ya hapo, anasema, hakumbuki kitu. Mvua tu.