Bakuli la Supu la Bwana von Karnewitz

Katiba ya Dola ya Ujerumani, katika kifungu chake cha ishirini, inatamka kwamba Bunge huchaguliwa na watu wote, moja kwa moja, kwa kura ya siri. Watu wote maana yake wanaume waliotimiza miaka ishirini na mitano. Maana ya siri Albertine Radtke aliijua siku ya uchaguzi, Juni 1898, alipopeleka kahawa ukumbini kwa bwana.

Albertine alikuwa mpishi kwenye shamba la Bwana von Karnewitz, Pomerania, kama mama yake kabla yake. Dola ilipotangazwa alikuwa jikoni humohumo ananyonyoa bata bukini, na mchumba wake Ferdinand yuko Ufaransa anaipigania. Ferdinand alirudi na nishani moja na goti bovu. Wakaoana, wakapewa vyumba viwili na banda la nguruwe. Vyote mali ya bwana. Aliyemuudhi bwana alihama Novemba, vitanda juu ya mkokoteni, na mashamba ya jirani yalikuwa yameshaarifiwa.

Asubuhi ile Ferdinand alinyoa ndevu, akavaa nishani. Huivaa akitaka kubisha.

"Baba Emil, ile karatasi ya kura ya wasoshalisti umeificha wapi?"

"Kwenye buti."

"Na Novemba tutalala humohumo kwenye buti?"

"Kura ni siri, mama. Imeandikwa."

Albertine alipofika ukumbini na kahawa, Ferdinand alikuwa ameshapiga kura na kuondoka. Sanduku la kura lilikuwa bakuli la supu la bwana, lile la kauri, refu na jembamba. Bwana, mwenyekiti wa kamati ya uchaguzi, alipokea kila karatasi iliyokunjwa akailaza juu ya mwenzake. Mwalimu Lüdtke akatia namba ya penseli kando ya jina la mpigakura orodhani. Ferdinand alikuwa wa kumi na tisa. Jioni wangehesabu kuanzia chini, na kila karatasi ingekuwa na mwenyewe.

Albertine alirudi jikoni, akasimama mbele ya njegere zilizokuwa zikichemka. Kisha akaongeza nyama ya nguruwe ya moshi, akaufungua mlango wa ukumbini, akauacha wazi.

Saa saba bwana alishindwa kuvumilia.

"Albertine! Hiyo supu inanukia tu au inaliwa pia?"

"Iko tayari, bwana mkubwa. Ila bakuli liko kazini."

"Lete sufuria."

"Lina masizi, bwana mkubwa. Lakini farasi nao hula kwenye ndoo, hawafi."

Mwalimu akajifanya anakohoa. Boldt, msimamizi wa shamba, akasema labda wangoje hadi saa kumi na mbili, kura zikifungwa.

"Ngoja wewe," alisema bwana, akalishika bakuli.

"Taratibu, bwana! Zitoke kwa mpangilio..." alisema Boldt.

"Mimina hapa, bwana mkubwa," alisema Albertine, akatandaza aproni.

Bwana akamimina. Albertine akaitikisa aproni mara mbili, kama anavyotikisa njegere kutafuta mawe, kisha akazitia karatasi kwenye kikapu cha mkate. Boldt alibadilika rangi.

"Umefanya makusudi wewe!"

"Makusudi gani, Bwana Boldt? Mimi mwanamke, sina kura."

Akaishusha aproni yake. Bwana alimtazama, macho yakishuka hadi kwenye aproni ile. Kisha akauliza: "Supu ipoe, au vipi?"

Walikula sahani mbili mbili. Bakuli likaoshwa, likakaushwa, kura zikarudi.

Jioni: thelathini na tisa kwa mgombea wa bwana, ambaye ni shemeji yake, nane kwa wasoshalisti. Albertine alisikia yote akikusanya vikombe.

"Wafukuze wote arobaini na saba," alisema Boldt.

"Na mavuno? Nivune na wewe?"

Novemba ilipita, mkokoteni haukuitwa. Ferdinand aliwaambia watoto kwamba Katiba ni kitu kikubwa. Albertine alikuwa anamenya viazi.

Miaka mitano baadaye serikali ilileta bahasha za kura, ili siri iwe siri zaidi. Mwezi uleule bwana alinunua bakuli la pili, kwa ajili ya supu.